Jicho Nyuma ya Shuka

Verdiana alipoambiwa kwamba daktari wa macho anakuja Issenye, alimshukuru Mungu. Alipoambiwa kwamba daktari mwenyewe ni Nelson, mkwe wake, mume wa binti yake Lilian, aliinuka, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nyuma ya banda la kuku.

Sylvester, mwenyekiti wa kitongoji, alibaki uani na kofia mkononi. "Sasa huyu amekwenda wapi? Daktari mwenyewe hajafika."

"Anafanya mazoezi," alisema Philomena.

Philomena alikuwa wifi yake Verdiana, dada wa marehemu mumewe. Alirudi nyumbani miaka mingi iliyopita baada ya kushindwana na mume, na watu walisema mume ndiye aliyeshindwa. Wanawake hao wawili waliishi mji mmoja, wakila chungu kimoja na kugombana kila siku ya Mungu isipokuwa Ijumaa Kuu.

"Mwambie majina ya kaya yalichezeshwa bahati nasibu," Sylvester alipaza sauti kuelekea bandani. "Hakuna aliyechagua. Kaya yenu imetoka! Kila mtu mzima wa kaya hii atapimwa macho."

Kuku wakalia. Verdiana hakulia.

"Kupimwa vipi?" aliuliza hatimaye.

"Wanatafuta ule ugonjwa wa vikope, trakoma. Daktari anakushika kope la juu, analigeuza nje ndani kama soksi, anamulika tochi."

"Uso kwa uso?"

"Sasa mama Lilian, jicho liko mgongoni?"

Hapo ndipo Verdiana alipoanza kusali rozari. Alizaliwa Tarime, kule milimani, na kwao mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mikono wala hawakai benchi moja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, hata kama kichaka kina upupu. Tangu Nelson amwoe Lilian, Verdiana alikuwa hajaiona sura yake. Alijua sauti yake, iliyokuwa ikimfikia kupitia ukuta wa jiko. Tena alivijua viatu vyake, maana anayetazama chini huona viatu: vya kahawia, vina kamba za njano kama kiini cha yai la kienyeji. Lilian ndiye aliyemnunulia.

Na sasa viatu hivyo vilikuwa njiani vinakuja kumgeuza kope.

*

Jambo lenyewe ni kwamba macho ya Verdiana yalikuwa mabaya, tena mabaya kweli. Vinyweleo vya kope vilikuwa vimegeukia ndani, vikikwaruza mboni kila alipopepesa, kama mtu anayefagia uani kwa ufagio wa miba. Kila asubuhi alikaa juani na kioo kidogo na kibano, akaving'oa kimoja kimoja. Vikaota tena, vifupi na vikali zaidi. Jicho la kulia lilikwisha kuingia ukungu mweupe. La kushoto lilikuwa linafuata njia ile ile. Hakumwambia mtu. Philomena akimuuliza anatoa nini, alijibu kwamba anajipamba.

"Ujipambe kwa ajili ya nani, wifi? Hata kaka yangu alipokuwa hai hukujipamba."

Jumapili iliyopita alipewa kusoma somo kanisani, mistari mitano ya Isaya. Kwa jicho lile hakuona hata herufi, ila Isaya alikuwa amemkariri tangu ujana, basi akasoma kutoka moyoni, kwa sauti nzuri, huku akipitisha kidole kwenye karatasi. Shida ni kwamba hakujua mistari mitano inakomea wapi. Akaendelea. Alimaliza sura, akaingia sura ya pili. Katekista akakohoa. Verdiana akadhani ni mafua, akaongeza sauti ili watu wasikie vizuri. Mwishowe Padri mwenyewe alisema, "Neno la Bwana," kwa nguvu, kama mtu anayefunga mlango, na kanisa zima likaitikia kwa furaha kubwa mno.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Giza halikumtisha sana. Aliogopa zaidi siku ambayo Philomena atamshika mkono kumpeleka chooni, halafu aende kumsimulia kila mtu.

Lilian alipiga simu kutoka Tarime mjini, pale Bomani alikokuwa anafanya kazi. "Mama, usimkatalie Nelson. Huu ni mwaka wake wa utafiti. Akimaliza ndipo anaingia kusomea ubingwa wa macho. Kaya zikikataa kataa, kazi inaharibika."

"Apime nyumba ya jirani. Wana macho mengi kuliko sisi."

"Aliomba wambadilishie kaya. Mwalimu wake akamwambia ukianza kuruka nyumba kwa sababu ya aibu zako, huo si utafiti, hayo ni matembezi."

"Lilian, watu hapa wananiuliza kama mkwe wangu amefeli. Daktari gani mwaka mzima hatoi dawa, anatazama tu?"

"Unawajibu nini?"

"Nawaambia hata Mungu alianza kwa kutazama, akaona ya kuwa ni vema."

Lilian alicheka mpaka simu ikakatika. Lakini Verdiana hakucheka. Alikuwa amemtetea mkwe wake kwa watu, na moyoni aliapa hatatoka nyuma ya banda mpaka mwaka huo wa utafiti uishe.

*

Siku ya daktari kuanza kazi kitongojini, Verdiana hakusubiri afike kwake. Alimfungua mbuzi jike kana kwamba anampeleka malishoni, akakata kwenda upande wa kisima, mbali na barabara. Mbuzi yule alikuwa na akili mbaya. Walipofika kwenye vichaka alivuta kamba, akaiponyoa, akaenda.

"We! Rudi! Philomena wewe!" Ndilo jina alilompa mbuzi, lakini hakuliita mbele ya watu.

Mtu mmoja alikuwa anapita. Verdiana aliona umbo tu, refu, la rangi ya shati jeupe, kama nguo iliyoanikwa inayotembea.

"Wewe mura! Kijana! Mshike huyo mbuzi!"

Umbo likasita. Likageuka huku, likageuka kule, kama linalotafuta kichaka cha kuingia. Kisha mbuzi akalikaribia, nalo likamkamata.

"Ahsante mwanangu, Mungu akubariki." Verdiana alimfikia, akamshika mkono wa shati asije akaondoka na mbuzi. "Wewe ni wa nani? Hunijibu? Haya, wewe ni bubu. Pole. Afadhali, maana wenye midomo hapa wamenichosha."

Yule mtu alikuwa amegeuza uso pembeni kabisa, shingo imepinda kama ya bata. Akatikisa kichwa.

"Nimekimbia nyumbani," Verdiana alimweleza, maana bubu ni mtu mzuri wa kuambiwa mambo. "Namkimbia mkwe wangu. Daktari. Kijana mzuri, simsemi vibaya. Ila siku aliyoleta ng'ombe wa mahari alikula ugali kama anafukuzwa. Niliona sahani ilivyorudi. Hata mifupa ilikuwa imesafishwa."

Yule mtu akazidi kupinda shingo.

"Na sasa anataka kunitazama machoni. Mimi! Nimzalie mke, halafu anigeuze kope kama soksi?" Akashusha sauti. "Tena nikuambie, usimwambie mtu, ingawa huwezi. Jicho hili la kulia limekwisha. La kushoto nalo linaenda. Uso wako mimi siuoni. Ningekuwa naona nisingekushika hivi mtu nisiyemjua. Nikipofuka, nani atasoma somo? Philomena? Hajui hata Agano Jipya linaanzia wapi."

Mkono aliokuwa ameushika ulitulia. Mbuzi pia alitulia.

"Haya, nipe kamba nimfunge." Akainama. Alipoinama, jicho la kushoto, ambalo kwa vitu vya karibu lilikuwa bado linaona, likakutana na kiatu cha kahawia. Kamba ya njano.

Alitazama kiatu cha pili. Kilikuwa na kamba ya njano vile vile.

Verdiana hakupiga kelele. Alijifunika kanga kichwa chote, akageuka, akaanza kukimbia. Kwa kuwa alikuwa amejifunika kichwa chote, alikimbilia kwenye tope la kisima. Nelson naye alikimbia, upande wa pili, kwa adabu kubwa na kasi kubwa, bila kukumbuka kwamba mbuzi bado yuko mkononi mwake.

*

Kufikia mchana habari ilikuwa imefika sokoni: yule daktari wa utafiti anapima jicho kwa malipo ya mbuzi. Wengine walisema jicho moja mbuzi mmoja. Sylvester alipita nyumba kwa nyumba akikanusha, lakini alikuwa akikanusha huku amemburuta yule mbuzi, basi hakuna aliyemwamini.

Alimkuta Verdiana amekaa jikoni, tope hadi magotini, anasali kwa sauti, akiungama mkono alioushika na ugali alioutaja.

"Mama Lilian, mbuzi huyu hapa. Daktari anasema... kwa kweli hasemi kitu. Amekaa ofisini kwa mtendaji, amefunika uso kwa mikono. Amesema tu anaomba radhi na kwamba kaya hii ataiandika imekataa. Na ikikataa nyingine moja tu, anasema sijui itakuwaje na kazi yake."

"Wifi," alisema Philomena kutoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka, "ulimshika mkono?"

"Nilimshika."

"Ukamwambia habari ya ugali?"

"Na ya mifupa."

Philomena aliingia, akakaa chini kwenye majivu. "Kwa nini hukumwona? Mtu mrefu kama nguzo ya umeme!"

Verdiana aliiweka rozari chini. Kisha akasema polepole, "Sioni, wifi. Siku nyingi."

Kuku mmoja akaingia, akatazama, akatoka.

"Basi haya ndiyo mambo," alisema Verdiana akijifuta tope. "Nimeficha macho ili nisimvunjie mkwe heshima. Kumbe bila macho ndiyo nimeivunja zaidi. Mtu asiyeona hata kujificha hajui. Atamkimbiaje asiyemwona?" Akasimama. "Sylvester, mwambie daktari kesho aje. Philomena, niletee lile shuka langu la maua."

"Lile la harusi?"

"Hilo hilo. Na mkasi."

*

Kesho yake uani kwa Verdiana palikuwa na watu wengi kuliko siku ya sala za jumuiya. Shuka la maua lilitundikwa kutoka kwenye nguzo ya jiko hadi kwenye mti wa mlimao. Katikati, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa, palikuwa na tundu la ukubwa wa kisahani. Upande huu alikaa Nelson na miwani yake ya kukuza, tochi kwenye paji la uso, glavu mikononi. Upande ule walikaa wanawake. Sylvester alisimama pembeni, penye kona ya shuka, ili apitishe maneno.

"Glavu hizo ni mpira," Philomena alimnong'oneza Verdiana. "Kwa hiyo kidole si cha mkwe. Ni cha kiwanda."

"Nani anaanza?" aliuliza Nelson, akitazama ardhi.

"Mimi nafungua njia," alisema Philomena, akaweka jicho kwenye tundu. Nelson aliligeuza kope, akamulika. Jicho likakonyeza.

"Mwenyekiti, andika: jicho hili halina ugonjwa. Lina ukorofi tu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kisha zamu ya Verdiana ikafika. Nyuma ya shuka ikasikika Salamu Maria inayokwenda mbio.

"Mwenyekiti," alisema Nelson, "liambie jicho liangalie chini."

"Jicho, angalia chini."

"Linaangalia," shuka likajibu.

"Mwambie daktari alisukume taratibu," akaongeza Philomena, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Kidole cha mpira kikagusa. Verdiana akaruka, shuka likaruka, mlimao ukadondosha limau moja kichwani kwa Sylvester. Wakaanza tena. Safari hii alitulia. Aliona mwanga mkali, na ndani ya mwanga hakuona uso wa mtu, akashukuru. Aliisikia tu pumzi. Nayo ikakatika, kama ya mtu aliyesahau kuendelea kupumua.

Nelson alitazama jicho la kulia. Akatazama la kushoto, muda mrefu. Watu wakaanza kutazamana.

"Daktari anasemaje?" aliuliza Verdiana.

"Daktari hasemi," alijibu Sylvester.

"Mwambie aseme. Sikukata shuka la harusi yangu kwa ajili ya kimya."

Nelson akakohoa. "Mwenyekiti, mwambie mwenye macho haya kwamba la kulia limekwaruzwa sana. Sitamdanganya, halitarudi kama zamani. Lakini la kushoto lina nafasi. Kope linafanyiwa upasuaji mdogo, vinyweleo vinageuzwa vitazame nje. Ni ganzi tu, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila aende wiki hii. Asisubiri mavuno. Mwambie tafadhali asisubiri."

Sylvester akavuta pumzi. "Mwenye macho, daktari anasema..."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Shuka limesikia," Sylvester akatangaza.

"Muulize, atakayekata ni yeye?"

"Si mimi. Kazi yangu mwaka huu ni kutazama na kuandika. Kuna muuguzi hospitalini, mama Elieth, ndiye fundi wa kope."

"Huyo Elieth ni wa wapi? Ana undugu na sisi?"

"Ni mtu wa Bukoba."

"Hana undugu na mtu. Atafaa."

Sylvester alilamba kalamu. "Sasa daktari, hapa pa jina la mgonjwa niandike nani?"

Kila mtu alijua. Hata kuku walijua.

"Usiandike jina," alisema Nelson. "Weka namba. Chuoni walitufundisha kwamba katika utafiti mpimaji asijue anampima nani. Mimi jicho hili silijui ni la nani."

"Hulijui?"

"Silijui kabisa."

Nyuma ya shuka mtu alishusha pumzi ndefu. Nelson akaanza kukusanya vifaa, kisha akasita.

"Mwenyekiti, liulize hilo jicho kama limesamehe ile habari ya mbuzi."

Sylvester aligeuka. Verdiana alifikiri kidogo.

"Jicho linauliza, mbuzi gani? Lenyewe halijaona mbuzi wala mtu. Na kama kuna bubu alikutana na mama fulani kisimani, basi bubu ni bubu."

"Amina," alisema Nelson.

"Halafu mwambie daktari chakula kiko tayari. Ale vizuri. Na mifupa."

*

Verdiana alikwenda hospitali Alhamisi ya wiki ile ile, Philomena akiwa nyuma yake kwenye bodaboda, akimshika kiuno na kumwambia dereva asimtikise mgonjwa, kumbe anayeogopa ni yeye. Elieth wa Bukoba alilikata kope, akalishona, akafunga bandeji. Walirudi jioni. Philomena alimshika mkono kumpeleka chooni na hakumsimulia mtu, ingawa ilimgharimu.

Mvua za masika zilipoisha, Padri alimpa Verdiana somo tena, mistari mitano ya Isaya. Alisimama, akasoma mistari mitano, akaona nukta, akakomea kwenye nukta. Watu waliokuwa wamejitayarisha kukaa muda mrefu walichelewa kuitikia. Ilibidi awatazame. Aliwatazama mmoja mmoja, kwa jicho moja, mpaka wakaitikia.

Siku iliyofuata, alikuwa uani anapepeta mtama. Akainua kichwa. Mbali kule, kwenye kona ya kisima, bodaboda ilikuwa imesimama na abiria anashuka. Verdiana alitazama mara moja tu. Aliweka ungo chini, akakung'uta kanga, akachukua kigoda chake na kikombe chake cha uji, akatembea bila haraka mpaka nyuma ya banda la kuku. Akakaa. Akarekebisha kilemba. Alikuwa na muda hata wa kunywa uji.

"Wifi, vipi tena?" Philomena alishangaa. "Unamkimbia nani? Sioni mtu!"

"Utamwona."

Ikapita dakika kadhaa ndipo Nelson akatokea kwenye njia ya uani, ameshika begi la mwaka wake wa utafiti, uliokuwa umekwisha. Alikuwa anapita kuaga. Wiki ijayo anaanza masomo ya ubingwa. Alisimama katikati ya uwanja, akatazama ungo, akatazama kigoda kilichokosekana, akajua. Akageukia banda, akainamisha macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja vizuri?"

"Vizuri mama."

"Nimekuona tangu kisimani," ilisema sauti kutoka nyuma ya banda. "Funga kiatu cha kushoto. Kamba inaburuta, utaanguka."

Nelson alitazama chini. Kamba ya njano ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefunguka kweli, imejaa vumbi la njia nzima. Akapiga goti kuifunga, na akakaa ameinama pale kwa muda mrefu kuliko kamba moja inavyohitaji.